Kadhi wa Rayy na Kesi ya Mshairi

Baghdad ya karne ya 10 ilikuwa bado ni mji mkuu wa ufasaha, ijapokuwa khalifa wake alikuwa amekwisha kubakiwa na jina lake tu katika hotuba ya Ijumaa, na wenye amri walikuwa ni maamiri wa ukoo wa Buwayh. Na mtu aliyetaka kuhesabiwa kuwa mshairi hakuwa na budi kupita mbele ya mabaraza ya mji ule na kuyastahimili yatakayosemwa juu yake. Mbele ya mabaraza hayo alifika Abu al-Tayyib al-Mutanabbi, mzaliwa wa Kufa wa mwaka 915, ambaye alikuwa ameishi miaka tisa katika jumba la Sayf al-Dawla huko Halab akimsifu kwa kasida ambazo Waarabu wangali wakizihifadhi, kisha akaondoka kwa kinyongo, akaenda Misri kwa Kafur akitaraji kupewa utawala wa jimbo, na alipoona kuwa hapewi, akatoroka mwaka 962 na kumwachia Kafur mashairi ya matusi. Alikuwa mtu mwenye kipaji kikubwa na majivuno yaliyolingana na kipaji chake. Hapo Baghdad waziri al-Muhallabi alingojea kasida ya sifa kutoka kwake, na kasida haikuja.

Ndipo alipotokea mwanachuoni mmoja aitwaye al-Hatimi, mtu wa karibu na waziri yule, akamwendea mshairi na kumkabili uso kwa uso kwa beti zake mwenyewe, akimwonyesha moja baada ya moja nani aliyemtangulia kuisema maana ile na kwa maneno gani. Na baadaye akayaandika majadiliano hayo katika risala, ambayo yatupasa kuipokea kwa hadhari, kwa kuwa mwandishi wake ndiye mshitaki. Jambo lililowashangaza watu wa zama zile halikuwa wingi wa beti zilizoshitakiwa, maana hakuna mshairi aliyekosa beti kama hizo; lililowashangaza ni kwamba al-Mutanabbi, kwa riwaya yao, alipoulizwa habari za Abu Tammam, mshairi mkubwa wa karne iliyotangulia, alijibu kana kwamba jina hilo halijapata kumfikia masikioni. Haukupita muda mrefu, mwaka 965, akashambuliwa njiani karibu na Dayr al-Aqul alipokuwa akirejea kutoka Shiraz, akauawa yeye na mwanawe. Na wapokezi wa habari husimulia kwamba katika mizigo yake zilikutwa diwani za Abu Tammam na al-Buhturi, pambizo zake zimejaa alama na maelezo yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Sina njia ya kuithibitisha riwaya hiyo, wala sidhani kuwa wale walioipokea walikuwa nayo. Lakini naiona kuwa ni yenye maana kubwa kwa kila mwalimu anayefundisha insha, na kwa kila mwanafunzi aliyepata kuitwa mbele ya baraza la chuo chake kwa tuhuma ya wizi wa maneno. Diwani zile zenye alama pambizoni ndizo zilizomfanya al-Mutanabbi awe al-Mutanabbi. Hapana aibu yoyote katika kusoma kwake, na kusoma kwa kalamu mkononi ni jambo ambalo twawasihi vijana wetu walifanye usiku na mchana. Aibu, kama ilikuwapo, ilikuwa katika kukana.

Mashitaka hayakufa pamoja na mshitakiwa. Al-Sahib ibn Abbad, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mashuhuri huko Rayy, na ambaye husemwa kwamba aliwahi kumwalika mshairi asije, alitunga risala ya kuzifichua aibu zake. Huko Misri, Ibn Waki al-Tinnisi alikusanya kitabu kizima cha wizi wa al-Mutanabbi, akakiita Al-Munsif, yaani mtenda haki, na Ibn Rashiq wa Qayrawan alipokisoma katika karne iliyofuata alisema wazi kwamba jina hilo na kitabu chenyewe havikupatana. Elimu ya kuwashika wezi wa mashairi ikawa tawi kamili la balagha, lenye istilahi zake na daraja zake, toka mtu anayelichukua shairi zima na kulinasibisha na nafsi yake, hata yule aliyeitazama maana ya mwenziwe kwa mbali tu. Kulikuwa na daraja ya ghasibu pia, na kisa chake ni cha zama za Banu Umayya: al-Farazdaq wa Basra, ambaye ulimi wake uliogopwa na makabila, alimsikia mshairi mdogo wake, al-Shamardal, akisoma beti iliyompendeza, akamwambia achague baina ya kuiacha beti ile na kuiacha heshima yake, na al-Shamardal akaiacha beti. Watu wote walimjua mwenye beti, na watu wote wakaendelea kuisoma kwa jina la al-Farazdaq. Hata hivyo ule ulikuwa ni unyang'anyi wa mchana kweupe, na waandishi waliutaja kwa jina lake bila ya kuuchanganya na makosa mengine.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwa ajili yake nimeisimulia habari hii yote. Ali ibn Abd al-Aziz al-Jurjani alikuwa mshairi, faqihi na rafiki wa al-Sahib ibn Abbad, na al-Sahib huyohuyo ndiye aliyempandisha hata akawa kadhi mkuu wa Rayy, mji uliokuwa karibu na pale ilipo Tehran ya leo. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa aliyeandika dhidi ya al-Mutanabbi alikuwa ndiye mlezi wa riziki yake. Na angeweza pia kuandika utetezi wa kumsafisha mshairi na kila doa, kama walivyofanya wapenzi wake. Yeye aliandika kitabu akakiita Al-Wasata, yaani upatanishi baina ya al-Mutanabbi na mahasimu wake, na akakiendesha kama kadhi anavyoiendesha kesi: akamsikiliza mshitaki, akamsikiliza mtetezi, akakiri makosa ya mshairi yalipokuwa dhahiri, kisha akauliza swali ambalo mahasimu walikuwa wamelipita kwa haraka, nalo ni hili: kitu kilichodaiwa kuibwa kilikuwa ni mali ya nani?

Jibu lake, nikilieleza kwa maneno yangu, lilikuwa na mafungu matatu. Ziko maana ambazo hazina mwenyewe, kwa kuwa kila mwenye macho huzifikia. Anayemfananisha mrembo na mwezi, au karimu na bahari, hamwibii mtu, japo wamemtangulia elfu. Ziko maana ambazo hapo mwanzo zilikuwa na mwenyewe, mtu mmoja alizigundua kwa akili yake, lakini zikapita katika ndimi nyingi na kwa muda mrefu hata zikaingia katika milki ya watu wote, na hizo nazo hazina tena wa kuzidai. Kisha ziko zile ambazo alama ya aliyezibuni haijafutika juu yake, na ni hizo peke yake ambazo mtu akizichukua huweza kuulizwa amezichukua wapi. Na hata katika fungu hili la mwisho kadhi alijizuia. Alisema kwamba yeye hajipi ruhusa, wala hampi mwingine, ya kukata hukumu kuwa mshairi fulani ameiba, kwa sababu huenda fikira moja ikawajia watu wawili wasiojuana. Akaona kuwa lililo salama ni kusema kwamba fulani amesema hivi, na kabla yake fulani alikwisha kusema hivi, kisha kumwachia msomaji apime. Fauka ya hayo akawaonea huruma washairi wa zama zake, akisema kwamba waliotangulia walikwisha kuzichukua maana zilizo nyingi, na aliyekuja nyuma afanyeje?

Nimeyasoma maandishi mengi ya zama zetu juu ya wizi wa kitaaluma, na ni machache niliyoyaona yakiwa na insafu kama hii ya mtu aliyefariki mwaka 1002. Sisi twaanza na hukumu na kuumaliza uchunguzi kwa adhabu. Yeye alianza na swali la milki, akamalizia na ulinganisho. Nacho kilichomwezesha ni kwamba yeye na jamii yake walikuwa wakiamini jambo ambalo mzee al-Jahiz wa Basra alikwisha kulitangaza tangu karne ya 9, ya kwamba fikira zimetapakaa njiani kwa Mwarabu na asiye Mwarabu, na ubingwa wa mwandishi umo katika kuchagua lafudhi, kuzipanga na kuzipa uzani. Mwandishi aliyefaulu, kwa mizani yao, ni yule aliyekipokea kitu na kukiacha kikiwa bora kuliko alivyokipokea.

Kwa hiyo hata malezi ya mwandishi yalikuwa ni malezi ya kupokea. Husimuliwa kwamba Abu Nuwas, alipomwomba Khalaf al-Ahmar ruhusa ya kutunga, aliamrishwa kwanza ahifadhi beti nyingi mno za wazee, na alipokwisha kuzihifadhi aliamrishwa azisahau zote. Naye akajitenga kwa muda hata zikamtoka, kisha ndipo aliporuhusiwa. Ibn Tabataba wa Isfahan, aliyefariki mwaka 934, alimfananisha mshairi mwema na sonara ayeyushaye dhahabu na fedha alizozikuta zimekwisha kufuliwa, akazifua upya kwa umbo lililo zuri zaidi. Na Ibn Khaldun, aliyeiandika Muqaddima yake mwaka 1377 katika ngome ya Banu Salama, aliliweka jambo lilo hilo kuwa sharti la elimu: mwanafunzi ahifadhi sana kutoka kwa walio bora, kisha asahau maneno yenyewe, ili ibaki katika nafsi yake ile namna ya kusema ambayo juu yake atasuka ya kwake. Watu hawa watatu, mbali mbali kwa zama na kwa miji, hawakumkataza kijana kuiga. Walimkataza kukoma penye kuiga.

Elimu hiyo ilivuka bahari na kufika pwani yetu pamoja na vitabu, masharifu na jahazi za kaskazini, na hapa ikapata makao yaliyoifaa. Huko Pate, Sayyid Aidarus bin Athman alipoitia Hamziya ya al-Busiri katika Kiswahili, hakuificha asili yake wala hakujaribu kuifanya ionekane kama imezaliwa kisiwani; katika miswada ya Hamziya ubeti wa Kiarabu umeandikwa juu, na chini yake, kwa hati zile zile za Kiarabu, umekaa ubeti wa Kiswahili, hata msomaji mwenye lugha mbili aweza kuzipima kalamu mbili kwa tazamo moja. Sijui ungamo la deni lililo wazi kuliko hilo. Na hata hivyo hapana aliyepata kusema kwamba Sayyid Aidarus hakuwa mtunzi, kwa kuwa kila mtu aliyeusikia ukawafi wake alijua ni kazi gani imefanywa kuiteremsha kasida ndefu ya Kiarabu katika mizani 15 ya mshororo wa Kiswahili bila ya kuuvunja.

Kisha iko takhmisi, bahari ambayo naiona kuwa ni madrasa kamili ya kuandika, japokuwa shule zetu hazijaitumia hivyo. Katika takhmisi mtungaji huchukua mishororo miwili ya mtu aliyemtangulia, na juu yake huongeza mitatu ya kwake, yenye kina na mizani zilizokubaliana na ile miwili, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano na usiwe na mshono unaoonekana. Takhmisi iliyo mashuhuri kuliko zote katika Kiswahili, ile iliyochapishwa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, imejengwa juu ya maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo mwenyewe, na aliyeijenga husemwa kuwa ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi. Fikirini ujasiri wa kazi hiyo. Shujaa mwenye jina kuliko wote katika pwani hii amesema, na mwanachuoni aliyekuja karne nyingi baadaye anaketi na kumtangulia kwa mishororo mitatu, akiiandaa njia ili neno la shujaa liingie likiwa na uzito zaidi. Na kwa kuwa neno la zamani na neno jipya yamo katika ubeti mmoja, kila msikilizaji anaweza kuhukumu papo hapo kama mgeni amestahili kukaa kwenye kiti kimoja na mwenyeji. Hapana mwanya wa kuiba, kwa sababu aliyekopwa yupo barazani anaonekana. Wala hapana mwanya wa uvivu, kwa sababu mitatu iliyo dhaifu huaibika mara moja mbele ya miwili iliyo imara.

Mombasa nayo inatupa mfano wa uaminifu wa namna nyingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikuwa yakiishi vinywani mwa watu na katika karatasi zilizotawanyika, na aliyeyaokoa alikuwa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mshairi. Yeye aliyakusanya na kuyaeleza, akampa mmisionari William Taylor, na kutoka katika karatasi za Taylor yakaja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka 50 baada ya Sikujua kufariki. Mtu mwenye kipaji cha kutunga, aliyekuwa na mali ya marehemu mkononi katika mji ambao wengi waliomjua marehemu walikuwa wamekwisha kufa, angeweza kujipatia beti chache. Naye alizipeleka zote kwa jina la Muyaka. Watu wamemsahau Sikujua, na hilo ni deni letu, tena ni kubwa.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kupita njia nyingine. Biashara ya vitabu vilivyopigwa chapa ilizaa haja ya kujua nani amlipe nani, na Uingereza ikatunga mwaka 1710 sheria ya kwanza ya kumpa mwandishi haki ya kitabu chake kwa miaka 14. Nusu karne baadaye, mwaka 1759, Edward Young akaandika risala yake ya kuwasifu watungaji wa asili na kuwashusha waigaji, na fikira hiyo ikapendwa, ikaenea, na hatimaye ikaja hata kwetu ndani ya sanduku moja na daftari na mitihani. Sisemi kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Mwandishi naye anakula. Nasema kwamba haki ya kuuza na njia ya kujifunza ni mambo mawili, na shule ilipoyafunga pamoja ilimdhuru mwanafunzi.

Laiti Waingereza wangekumbuka jinsi Shakespeare, bwana wao mkubwa, alivyofanya kazi. Plutarch aliandika kwa Kiyunani maisha ya wakuu wa Rumi na Uyunani. Jacques Amyot akayatia katika Kifaransa mwaka 1559. Thomas North, bila ya kupitia Kiyunani, akayatoa katika Kifaransa cha Amyot na kuyatia katika Kiingereza mwaka 1579. Na Shakespeare akakifungua kitabu cha North, akatwaa humo kisa cha Kaizari, watu wake, na pengine hata mpangilio wa maneno, na mwaka 1599 mchezo ukaonyeshwa London. Katika mchezo wake mwingine, wa Antony na Cleopatra, mahali pale malkia anapoelezwa akija majini katika jahazi yake, nathari ya North imo ndani ya shairi karibu kila kitu kwa jina lake, na kilichobadilika ni pumzi: hapa neno limesogezwa, pale upepo umepewa mapenzi, na habari iliyokuwa maelezo imekuwa sihiri. Shakespeare naye alishitakiwa, mwaka 1592, katika kijitabu kilichotoka kwa jina la Robert Greene, kuwa amejipamba kwa manyoya ya wenziwe. Nao mlolongo haukukatikia London. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa ni Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya mchezo ule wa Kaizari kwa Kiswahili, na kwa kuwa hakuridhika na kazi yake aliirudia na kuitengeneza, akaitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mikono mitano imeshika kisa kimoja, katika lugha nne, na kila mkono una jina lake. Msomaji wa Dar es Salaam aweza kurudi nyuma ngazi kwa ngazi hata akamfikia Plutarch.

Sasa mtazameni mwanafunzi wetu. Anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba anapaswa kuandika kwa maneno yake mwenyewe, naye hajapewa hayo maneno; amesoma vitabu vichache, hajahifadhi, hajaiga kwa idhini, hajaonyeshwa jinsi aya inavyofumuliwa na kufumwa upya. Kisha anatwikwa insha yenye tarehe ya mwisho, ndipo anachukua aya kutoka katika intaneti, anabadilisha neno moja hapa na moja pale kwa hofu, na kazi yake inapitishwa katika programu ya kompyuta ambayo inatoa asilimia ya mfanano. Programu hiyo hupima mfanano, haipimi wizi. Haijui kama maneno yaliyofanana ni maana isiyo na mwenyewe, au ni mali iliyokwisha kuingia katika milki ya watu wote, au ni kitu cha mtu kilichochukuliwa kwa siri. Mafungu yale matatu ya kadhi wa Rayy hayamo ndani yake, na mwalimu anayeiachia hukumu ameacha kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Wala simtetei anayenunua insha iliyoandikwa na mwingine na kuisaini. Huyo ni al-Farazdaq asiye na ufasaha wa al-Farazdaq, na adhabu yake iwe kamili, kwa kuwa amejinyima elimu na amemdanganya kila atakayemtegemea kwa shahada ile, awe mgonjwa, mteja au mtoto wa shule. Ninayemsemea ni yule wa pili, ambaye wenziwe ni wengi zaidi, na ambaye ameshona vipande vya wengine kwa sababu bado hajui kushona nguo. Na mwaka 1993 mwalimu mmoja wa Marekani, Rebecca Moore Howard, alithubutu kuandika kwamba kushona huko kwa viraka mara nyingi ni hatua ya kujifunza lugha ya elimu, na haifai kulipwa kwa adhabu ya mwizi. Al-Mutanabbi alipitia hatua hiyo. Tofauti ni kwamba yeye aliipitia na diwani za wakubwa mkononi, pambizo zake zikijaa wino.

Kwa hiyo naomba jambo moja la kutendeka katika vyumba vya sekondari na vyuo vya ualimu. Mwalimu achague aya mbili za mwandishi aliyefaulu, azibandike mbele ya darasa kwa jina la mwenyewe, na kila mwanafunzi atangulize aya tatu za kwake zitakazofanya zile mbili zistahili kuja. Jina la mwenye mbili liandikwe, jina la mwenye tatu liandikwe, na kazi zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Alama zitolewe kwa zile tatu. Atakayeandika mbovu atasikia mwenyewe pale aya yake inapokutana na aya ya bingwa, na wiki ifuatayo apewe mbili nyingine, za mtu mwingine, na nafasi ya kujaribu tena.